Mrekabi wa Kangemi

Miaka ya sabini, nikiwa karani mjini, nilimpenda binti wa mzee mmoja wa Kangemi, Mkamba kama mimi. Nilimpenda hadi nikanunua suruali zilizopanuka miguuni ambazo ziliniangusha mara mbili ngazini. Tatizo lilikuwa baba yake. Alikuwa ameacha pombe, akatangaza kwamba nyumba yake sasa ni ya ukoo wa Warekabi.

Warekabi wako katika kitabu cha Yeremia. Babu yao aliwaamuru wasinywe divai, wasijenge nyumba, wakae hemani. Nabii akawawekea divai mbele yao, wakaikataa, na Mungu akawasifu. Mzee alimsimulia hayo kila aliyepita langoni. Hata jina Rekabu, alisema, asili yake ni kupanda chombo cha safari, naye alikuwa na baiskeli.

Msemaji wetu siku ya posa alikuwa baba mdogo. Yeye na pombe walikuwa chanda na pete. Nilimsihi langoni asiguse chochote.

Tukakaribishwa, tukaketi. Mzee akatua kibuyu cha pombe mezani, akatutazama. Yeremia mtupu! Kwetu, ukikataa unachowekewa na wakwe umemkataa binti yao. Nasi tukinywa, Mrekabi angetufukuza. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi.

Baba mdogo alikitazama kibuyu kwa mapenzi, kisha akainua macho kwenye dari, kuta za mawe, madirisha ya vioo.

"Mzee, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yangu. Nimejijengea."

"Na Warekabi si walikatazwa kujenga? Basi siku wewe utahamia hema, mimi nitaacha pombe. Saa hii sisi wote ni wenye dhambi tu. Leta kikombe."

Nikafumba macho. Kwaheri mke wangu.

Jikoni sufuria ikaanguka, kikafuata kicheko cha mama mtu na cha binti yake, kile kicheko nilichokijua. Mzee alikaza uso, lakini mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akammiminia baba mdogo kwa mkono wake mwenyewe. Nilirudi mjini nikirukaruka, nikisalimia hata mbuzi.

Siku ya harusi, nyama ya machinjio ya Dagoretti ikiwa motoni, tulikuta turubai limefungwa uani kama hema. Mama mkwe alituambia mumewe amelala humo wiki nzima, mvua ikinyesha, akikoroma kwa raha. Mzee akatoka ndani yake amevaa suti, akamkabidhi baba mdogo chupa ya soda mbele ya wageni wote.

"Nimehama," akasema.

Watu walianguka kwa vicheko. Baba mdogo, ambaye hakuwahi kuvunja neno lake, aliipokea ile soda kwa mikono miwili, akanivuta kando, machozi yakimlenga.

"Kijana," akaniambia, "huyu mke umpende. Umpende sana."