Pampu Iliyoonja Kwanza

Mimi ni mtu wa kushuku. Majirani zangu hapa kijijini Wamaza husema nilianza baada ya kufiwa na mume, lakini wananionea huruma bure, nilizaliwa hivyo. Nikisalimiwa kwa furaha kupita kiasi najiuliza mtu huyu anataka nini. Kwa hiyo siku shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alipoingia uani kwa pikipiki akitokea mjini Kasongo, na pampu ya kupulizia dawa, ya kubeba mgongoni, imefungwa nyuma ya kiti, sikumkaribisha kwanza. Niliitazama pampu.

Shamba langu la muhogo lilikuwa limevamiwa na yale majani makali yanayokata vidole, ambayo mizizi yake hutoboa mpaka muhogo wenyewe. Nilipalilia, yakarudi. Nikapalilia tena, mgongo ukagoma. Shemeji alilijua hilo kwa sababu ni yeye tu, upande wa mume wangu, aliyeendelea kuja baada ya mazishi. Ndugu zake wengine walikuja mara moja, wakatembea kutoka mpaka hadi mpaka wakihesabu hatua, wakaenda zao. Tangu hapo kila mguu wa ukoo ule uliokanyaga shamba langu niliuona unapima. Sikuwa na shamba jingine, na watoto walikula humo.

"Shemeji, sitamwanga dawa mu shamba muzima," aliniambia. "Nitapiga majani tu. Muhogo hautaguswa."

"Majani na muhogo viko pamoja. Dawa itajuaje kuchagua?"

Alitoa bidoni kuukuu, dumu la plastiki, akaikata kitako, akaupitisha mkono wa pampu, ule mrija wa kupulizia, kwenye mdomo wa bidoni, bidoni ikakaa mwishoni kama kofia. Akatia maji ndani ya pampu, akaivaa, akaenda kwenye udongo mkavu karibu na jiko langu. Maji ya kwanza yaliruka mbali kama mkojo wa mbuzi. Akazungusha kidogo kichwa cha pampu, kile kinachotoa maji, ukatoka ukungu uliopeperuka mpaka kwenye nguo zangu. Akatikisa kichwa. Akazungusha tena, akaushusha mkono mpaka usawa wa goti, na chini pakabaki duara la maji lenye upana wa sahani. Alifunga uzi wa mgomba mahali pale kwenye mkono wa pampu, ili asisahau urefu ule, kisha akapiga maduara kumi mfululizo. Yote yalilingana. Nilitafuta kasoro, sikuipata, nikazidi kukasirika.

"Uliitoa wapi?" nikamuuliza.

"Niliinunua kwa mulimaji wa mpunga, kule Kasongo. Niliisuuza."

"Na yeye alikuwa anatia nini ndani?"

"Dawa ya kuua majani. Lakini sasa iko maji tu, shemeji."

Kwetu mtu akikuletea kibuyu cha malafu, pombe ya michikichi, yeye ndiye anayetangulia kunywa, nawe unamtazama koo mpaka ameze. Hakuna anayeona hilo kuwa tusi. Kwa hiyo nilimwambia kilichokuwa moyoni: "Pampu ianze kuonja kwako. Halafu ikuje kwangu."

Aliitazama pampu kwanza, ndipo akaenda kuwasha pikipiki. Kule kuitazama kulinipa ushahidi wote niliotaka. Nikapanda nyuma ya pikipiki yake, pampu nikaibeba mwenyewe mgongoni, na maji yaliyobaki yakasukasuka ndani yake njia nzima.

Kwake, kijiji cha jirani, nilichagua mwenyewe mahali pa kupiga. Sikuchagua nyasi za uani. Nilinyoosha kidole kwenye karanga zilizokuwa karibu na nyumba, zile mke wake alizozitenga ziwe mbegu, zikiwa zimeanza kutoa maua. Kusema kweli, nilitaka pampu ikidanganya, uongo uwaume wao. Shemeji alimtazama mke wake. Mke wake akanitazama mimi.

"Piga," akamwambia mumewe. "Yaya atulie roho." Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo alivyokuwa akiniita.

Akapiga mistari yote mpaka pampu ikaisha maji. Siku mbili zilizofuata nilirudi kukagua, nikainama juu ya karanga kama mganga. Zilikuwa kijani kabisa. Siku ya tatu nilimruhusu aingie shambani kwangu.

Alipima dawa kwa kifuniko cha chupa, akavaa mifuko ya plastiki mikononi, akapita polepole akifunika kila kichaka cha majani kwa ile bidoni kabla ya kupiga. Mimi nilimfuata nyuma hatua kwa hatua, na nadhani alinisikia nikihema. Baada ya siku kumi majani yalikuwa manjano, baadaye yakawa kama nyasi za paa. Muhogo haukuungua hata jani moja.

Nilifurahi, nikaona haya kidogo, nikajaza beseni unga, nikaenda kushukuru.

Nilimkuta mke wake ameinama anang'oa karanga. Zilikuwa zimekauka, mistari yote. Uchafu wa dawa uliogandia ndani ya pampu ulikuwa umeyeyuka njiani, ukamwagika hapo. Pampu isingeonja kwao, ungemwagika kwangu.

"Ilionja, yaya," alisema, na hakuinuka.

Naona aibu kuandika kwamba jambo la kwanza nililojiuliza halikuwa mbegu zao. Nilijiuliza kama shemeji alijua. Alitoka ndani akaniona uso, na nadhani aliyasoma hayo yote, kwa sababu hakunipa hata kiti. Alileta pampu akaiweka miguuni pangu pamoja na ile bidoni.

"Beba," alisema. "Kupima uliona. Nimeiosha kwa sabuni mara tatu. Miye sitaingia tena mu shamba yako."

Nilimwambia aichukue, ni yake. Nilimwambia nitawapa karanga za mbegu. Akajibu kwamba mbegu wataomba kwa mama mkwe wake, akarudi ndani.

Nimekuwa fundi sasa. Najua kuzungusha kichwa cha pampu mpaka duara litoshe sahani, na muhogo wangu ni mzuri. Hakuna aliyeninyang'anya shamba. Nalipiga dawa peke yangu, na tangu msimu ule hakuna hata mmoja wa upande wa mume wangu anayepita kunisalimia.