Nilishinda ubishi, shemeji akapata pembe

Leo nimemwonea wivu shemeji yangu Baraka, na sioni haya kusema.

Miaka mitatu natafuta pembe zilizoangushwa na kulungu wa huku ughaibuni, ambao hubadilisha pembe kila mwaka, kwenye kishamba cha uwindaji cha rafiki yetu, nje ya mji wa Minto. Vitabu nimesoma. Nimeambulia mifupa.

Baraka kaja leo mara ya kwanza. Kavaa kandambili, jamani!

Mimi nikasimama kubishana na mwenye shamba kwamba kulungu huangusha pembe wakiruka uzio. Nikamshinda.

Baraka alikuwa anasikiliza. Akaenda kwenye uzio, akarudi na jozi nzima.

"Shemeji, kumbe ulisema kweli! Chukua moja."

Nikakataa.

Kisha nikazipakata garini hadi nyumbani Quakers Hill, zisikwaruzike, maana yeye ndiye aliyekuwa anaendesha.

Sasa semeni bila kunionea haya: aliyezipata ni nani?