Herufi Nilizomfundisha Papa

Juzi nilipimwa macho. Majibu sijapata bado, na tangu siku hiyo harufu ya spiriti hainitoki puani.

Baba yangu, tuliyemwita Papa, alikuwa dereva wa treni pale Kindu. Alasiri moja tuliketi kwenye benchi la dispensari, akingoja kupimwa na daktari wa macho aliyetoka mbali. Asubuhi daktari huyo alikuwa ametupima sisi watoto wa shule, nami nikazishika herufi zake zote kichwani. Nilidhani ule ni mtihani kama mingine, na mimi sikuzoea mtu wa kwetu aanguke. Mikono ya Papa ilinuka mazutu, yale mafuta ya treni.

"Papa, mustari wa chini njo D, F, N, P," nilimnong'oneza.

"Ndiyo, madamu mwalimu," akatania. Lakini alirudia mpaka akaziweza.

Alipoitwa ndani nilibana pumzi mlangoni. Nilimsikia akitaja herufi bila kukosea hata moja.

"Sitwaye, macho yako iko muzuri," daktari akasema, akimwita "mwananchi" kama ilivyokuwa desturi siku zile.

Papa alinibeba mabegani hadi nyumbani Mikelenge, nami nilijiona nimemwokoa.

Kumbe macho yake yalikuwa tayari yanaugua, na wakati ule bado yangetibika. Alipofuka kabla sijamaliza shule, na hakumwambia mtu nani alimfundisha.

Juzi daktari aliniambia nisome mstari wa chini. Ulikuwa ukungu mtupu, ingawa herufi zake nazijua hadi leo.

"Sioni," nikasema.