Sauti ya Kuazima

Mkenya akikuambia "Ai!" ujue umemkera, au umemshangaza, au umemwomba kitu kisichoombeka. Sijawahi kumsikia Mkenya akisema "ai" akimaanisha ndiyo. Nalisema hili mapema kwa sababu neno hilo moja ndilo lililonipandisha jukwaani mbele ya ukumbi uliofurika, jasho likinitiririka mgongoni na huko nje theluji inaanguka.

Wakati huo niliongoza kwaya ya ibada yetu ya Kiswahili hapa Toronto. Tulikuwa Wakenya wengi, Watanzania wachache, na Mkongo mmoja wa besi ambaye akikosea huomba radhi kwa Kifaransa. Mwimbaji mmoja wa Uskoti alikuwa anakuja kutumbuiza mjini, na watu wake walitafuta kwaya ya kusimama nyuma yake katika wimbo wa mwisho. Nani aliwapa namba yangu, sijui mpaka leo. Nilipotajiwa jina la mwimbaji mwenyewe, nilikaa chini pale pale kwenye ngazi za jengo letu la Crescent Town, mfuko wa viazi mapajani, na jirani akaniuliza kama nimefiwa.

Nilimjua. Nikiwa shule ya bweni, matroni wetu alikuwa na redio, na Jumamosi alasiri tulifulia sare chini ya dirisha lake ili tusikilize. Wimbo wake uliovuma, huo huo tulioombwa kuusindikiza, ukianza tulifua polepole. Mwimbaji alikuwa binti tu, ametuzidi umri kidogo, katoka kwenye kamji ka mvua huko kwao. Katika kiitikio cha mwisho sauti yake iliwaacha waitikiaji wake wote na kupanda hadi kwenye nota moja ya juu ambayo hakuna aliyeitarajia. Hapo tuliacha kufua kabisa. Baadaye nyimbo zake zilizofuata hazikupendwa, kampuni ikamtupa, magazeti ya kwao yakacheka unene wake na ndoa yake, akaishia kuuza viatu dukani. Kisha watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa enzi zile wakaupenda wimbo ule upya, naye akarudi jukwaani na mvi zake. Yote hayo niliyafuatilia. Kila alipoanguka nilikasirika, kana kwamba ni dada yangu anayetukanwa.

Jumamosi tulikutana naye kwa mazoezi katika ukumbi wa kanisa karibu na Don Mills. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Tulimaliza ubeti wa kwanza, akasema, "Ai, ai." Tukarudia. "Ai!" Wanawake wa sauti ya pili wakanitazama. Tukarudia tena, safari hii kwa nguvu, na yule mwimbaji akaja juu zaidi: "Ai, ai, ai!" Moyoni nikasema, huyu naye, hata Mungu hatulalamikii hivi. Binti yangu, aliyezaliwa na kukulia hapa, alikuwa kwenye soprano akijiziba mdomo asicheke. Nikamkata jicho.

Wakati wa mapumziko mwimbaji alinivuta hadi jikoni, penye birika kubwa la chai, akafunga mlango. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alipasuliwa koo, na nota ile haipo tena. Mpiga piano wake pekee ndiye aliyejua. Katika miji mingine alikuwa amekwepa kwa kuwaelekezea watu maikrofoni waimbe wao, na waandaaji wa ziara walikuwa wameanza kuuliza maswali. Wakijua, wataikata ziara, na yeye hana kingine cha kufanya duniani. Alikuwa amenisikia nikiwaonyesha soprano namna ya kupanda. Alichotaka ni hiki: kesho, tukifika pale, yeye atafungua mdomo, na mimi, nimesimama gizani nyuma yake, nitaimba. Je, ningemwazima sauti?

"Ai!" nikasema.

Lilinitoka lenyewe. Akanikumbatia, machozi yake yakanilowesha shingo, akatoka kabla sijafunga mdomo.

Nilimweleza binti yangu ndani ya gari, tukirudi nyumbani. Alicheka mpaka akapiga dashibodi.

"Mum, kwao aye ni yes," akasema. "You said yes! Na zile zote za asubuhi, alikuwa anawasifu."

Mimi sikucheka. Usiku kucha nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilinichanganya. Kujificha hakukuniudhi; mimi ni muuguzi, nimezoea kufanya kazi ambayo sifa zake huenda kwa daktari. Niliudhika kwa kuambiwa. Nilitaka nota ile iwepo bado mahali fulani duniani, hata kama siisikii. Halafu nikaanza kuogopa. Nikiimba vibaya, nitamwaibisha mbele ya umati. Nikiimba vizuri, nitakuwa nimewadanganya watu kama mimi, waliokuja kwenye baridi ile kuisubiri nota yake.

Jumapili tulipofika ukumbini niliomba kumwona peke yake. Alikuwa mbele ya kioo, anajipaka rangi ya mdomo.

"Jana hatukuelewana," nikamwambia. "Kwetu ai ni hapana."

Mkono wake ukasimama hewani. "Kwa hiyo ulikataa."

"Nilikataa. Tushushe wimbo. Kanisani sauti ikigoma tunaushusha, na maisha yanaendelea."

"Hawakuja kuniona mimi," akasema. "Wamekuja kuiona ile nota. Nimekuwa mtumishi wake tangu nikiwa binti."

Mlango ukagongwa, tukaitwa. Hatukupatana lolote. Nilipofika mahali pangu nikakuta maikrofoni imesimama mbele yangu, taa yake ndogo inawaka.

Alianza vizuri. Beti zilikuwa za chini, na sauti yake ya chini ilikuwa imepata ukwaruzo mzuri wa uzee. Kwaya ikaingia. Nilimtazama mgongo, nione kama atanipa ishara, na sikuona kitu. Kiitikio cha mwisho kilikuwa kinaimbwa mara mbili. Mara ya kwanza ilipofika, nilisita, nikiwa nimejaza pumzi kifuani na kuizuia. Nikaona mbavu zake zikipanuka chini ya gauni. Aliiendea mwenyewe.

Sauti ikapasuka. Ilitoka pumzi tu na mkwaruzo, vyombo vyote vikisikika wazi kuizunguka. Mwanamke wa mstari wa mbele alijishika mdomo. Mpiga piano hakusimama, akaturudisha kwenye kiitikio, na mwimbaji akageuka kunitazama. Uso wake haukuomba kitu. Ilipofika nota ile, niliimba.

Ilitoka vizuri, na hilo nalo lilinitia uchungu. Nilipokuwa bado nimeishikilia, yeye alishusha maikrofoni yake hadi pajani, akafunga midomo kabisa, akasogea kando na kunionyesha kwa mkono. Taa ikanitafuta ikanipata, na kitenge changu cha kwaya na miwani yangu. Watu wengine walisimama wakapiga makofi. Wengine walizomea, na mwanamume mmoja alipaza sauti kwamba wamelaghaiwa. Mwimbaji hakuwaangalia. Alisimama ameinamisha kichwa upande, anaisikiliza nota hadi mwisho.

Kwenye ujia wa nyuma aliwaambia waandaaji, mbele ya kila mtu, kwamba miji iliyobaki haiendi. Mpiga piano aliketi juu ya sanduku la spika akalia. Mwimbaji akaja kwangu, viatu mkononi, uso umelegea kama wetu sisi wauguzi tukimaliza zamu. Akanibusu kwenye paji la uso. Akasema imekwisha, na akaniuliza wapi karibu angepata chipsi zenye siki, maana tangu asubuhi hakuwa ameweza kula. Kisha akaenda, anatembea na soksi tu, anacheka na mlinzi wa mlangoni.

Nilianza kulia hapo. Binti yangu alinishika mabega, akawa ananiuliza kwa Kiingereza chake kuna nini, si mambo yameenda vizuri, si yule mama mwenyewe amefurahi. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, amefurahi, ila mimi nilikuwa sijamaliza kumsikiliza.