Hadithi za Mchana

"Sikatai shule, Mwalimu," alisema Bibi Dieula. "Nakataa hadithi za mchana."

Wazazi saba walikuwa wameshatia saini karatasi ya idhini na kwenda zao. Alibaki bibi huyu na mjukuu wake Guerlande, na saa ilikuwa tano na nusu.

Kwa miaka kumi na tisa Ylomène Exantus alikuwa akifundisha watoto wenye mahitaji maalumu hapa mjini Jacmel, katika chumba ambacho hakikukosa mtu wa kukitamani. Mwaka huu kilitamaniwa na darasa la ushonaji. Mkuu wa shule, Bwana Occéan, alisema waziwazi: alete mpango wa maana, familia zote nane zikubali kabla ya saa sita, la sivyo cherehani ziingie. Ylomène akapanga. Kila mtoto angetengeneza kinyago cha karatasi na gundi ya muhogo, kama vya kanivali, kisha asimulie kisa chake: mwenye maneno kwa maneno, asiye nayo kwa mikono. Alifikiria kila kitu, hata yule anayeogopa mkasi. Jambo moja alijisahaulisha: shule hufunguliwa jua likiwa juu, na anayesimulia hadithi jua likiwa juu humuua mama yake.

"Mama yake huyu yuko Santo Domingo, ng'ambo ya mpaka, anafulia watu," bibi aliendelea. "Nimebakiwa na binti huyo mmoja. Unataka mjukuu wangu amzike kwa mdomo?"

Guerlande, miaka kumi na mitano, huchelewa kuelewa mambo mengi, lakini hofu huielewa upesi. Aliziba mdomo kwa viganja viwili.

"Bibi, hayo ni mambo ya zamani," Bwana Occéan alisema kutoka mlangoni.

"Hata wewe ni wa zamani, mbona wanakulipa?" Bibi akamgeukia Ylomène. "Na wewe, mama yako yuko wapi?"

Angeweza kudanganya.

"Alikufa kwa homa nikiwa na miaka tisa," alisema. "Nilimsimulia mdogo wangu hadithi, mchana kweupe, tukiteka maji. Jumapili iliyofuata tukamzika Mama."

Hakuwahi kumwambia mtu. Alisoma vitabu vinavyosema homa ni homa, akavielewa, akafaulu mitihani. Na bado kwa miaka thelathini na saba hakufungua hadithi kabla ya jua kuzama. Sasa alijua amejimaliza. Amempa bibi ushahidi.

Bibi Dieula alimsogelea.

"Maskini mwanangu. Umelibeba peke yako?" Kisha sauti ikawa ya mtu anayepatana sokoni. "Basi wewe huna wa kuuawa. Hadithi uifungue wewe, uifunge wewe, watoto wapite katikati. Balaa likija kutafuta mama wa msimulizi, litamkosa."

"Nitafanya hivyo."

"Sasa hivi. Nisikie."

Jua lilikuwa limejaa dirishani.

"Krik?" alisema, neno la kufungulia hadithi, na sauti ikamkatika.

Bwana Occéan alitazama saa yake. Hadithi isiyoitikiwa haifunguki, na Ylomène hakujua kama angeweza kulitamka neno lile mara mbili.

"Krik?"

Guerlande aliondoa kiganja kimoja. Alimtazama bibi yake, akaona hakatazi.

"Krak," aliitikia, nyuma ya kiganja kilichobaki.

Bibi akaivuta karatasi, akatia saini.

"Haya, endelea," alisema. "Umeshaifungua, utaiachaje wazi?"

Ylomène hakuwa ameandaa hadithi yoyote. Akaanza na wasichana wawili waliokwenda kuteka maji.