Mama ana MS, kipimo kinataka nywele, na kichwa kimenyolewa

Wakuu, wazee shikamooni, rika langu mambo vipi. Niko kidato cha tatu, nipo likizo, naandika kwenye kompyuta ya kulipia hapa Katesh.

Nyumbani wananijua kwa utani, lakini hili ni kweli tupu, na Mama mwenyewe ameniruhusu kulisimulia.

Tunakaa Nangwa. Baba ni dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali.

Mama ana multiple sclerosis, yaani MS. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia neva zako mwenyewe. Siku nyingine anatembea kunishinda, siku nyingine mguu wa kushoto unagoma kama trekta la kazini kwa Baba.

Basi akaja jamaa na pikipiki, muuza virutubisho. Akasema wanapima nywele, zinapelekwa nje ya nchi, results zinaonyesha madini gani yamepungua mwilini, halafu yeye anakuuzia yaliyopungua.

Mnaonaje mpangilio huo?

Zinatakiwa nywele za kisogoni, ndefu kidogo. Sasa Babu alikuwa amefariki karibuni, na kwetu mkifiwa watu wazima wananyoa. Kichwa cha Mama kilikuwa kinang'aa kama sahani ya wageni.

Nikajitolea kutoa zangu. Jamaa hakucheka.

Akasema basi zisubiriwe zikue, ila kwa sasa Mama aache ngano, aache maziwa, na vidonge vya hospitali aviweke pembeni ili nywele ziote safi.

Wakuu, aache ngano. Kwenye nyumba ya dereva wa kombaini. Baba alimtazama kama ametukaniwa ukoo.

Lakini Mama alitii, na hapo kicheko kikaisha. Alikuwa anataka kupona, na mtu anayetaka kupona humcheki. Akawa anakula kabichi na ugali kidogo, vidonge havigusi. Mguu ukazidi kugoma, akawa anashika ukuta kwenda jikoni. Nikakosa utani kabisa, jambo ambalo Bibi anasema lilimtisha kuliko ugonjwa.

Bibi ni mama yake Baba. Madini hayajui, anajua chungu. Alimwekea Mama makande na bakuli la maziwa ya mgando. Mama akasema hawezi, anasubiri kipimo.

"Mama Amsi," Bibi akamwita kwa jina langu, "hizo nywele unazozisubiri zitaota kwa njaa?"

Mama alikula. Si kwamba alishawishika, alimwogopa Bibi kama sisi wote.

Ya vidonge Bibi hakuyaamua. Akasema hayo ni ya waliompa, turudi hospitali tukaulize. Tukaenda, Mama, Baba na mimi.

Daktari alimsikiliza bila kumcheka. Akasema nywele haziwezi kuonyesha MS inakwendaje, hata sabuni, mafuta na vumbi vinabadilisha majibu. Vidonge asiache tena bila kumuuliza. Kama anahofia upungufu, ipimwe damu. Ikapimwa, ikakutwa pungufu kidogo, akapewa dawa ya kuongeza damu. Na chakula ale chote: maharage, mboga za majani, mayai, dagaa, maziwa, hata ngano.

Baba aliomba hiyo ya ngano irudiwe.

Njiani Mama machozi yakamtoka. Nikamuuliza anaumwa wapi.

"Siumwi," akasema. "Nilikuwa nimeliamini lile jibu kabla halijaja."

Wakuu, MS haijaondoka, nisiwadanganye. Mguu bado una siku zake. Ila ule uchovu wa kushika ukuta umepungua, anameza vidonge vyake, na nywele zimeota laini, nyingi.

Juzi jamaa akarudi na mkasi na bahasha. Akamkuta Mama amekaa kwenye kigoda uani, Bibi anamsuka. Akasema amefuata nywele.

Mama hata hakugeuka. "Hizi zina kazi, mdogo wangu. Karibu chai, kuna chapati."

Akakaa. Akala chapati za ngano, akaomba nyingine.

Nilichojifunza: mgonjwa asinyimwe chakula wala dawa kwa kusubiri karatasi ya mtu anayeuza. Kaulizeni daktari kwanza, halafu mkae naye mle pamoja.

Wenye ndugu mwenye MS, siku mwili ukigoma mnampikia nini? Tiririkeni hapo chini. Nitamsomea Mama majibu yote, kwa hiyo andikeni kwa adabu.