Siku Niliyofungwa Kamba Masara

Aibu hii sijawahi kuisimulia nikiwa nimesimama, kwa hivyo mniwie radhi nikae kwanza. Mkitaka kucheka chekeni tu. Mimi mwenyewe siku nyingine hucheka.

Wengi mnajua mimi huuza mitumba soko la Migori, na mnajua pia (mji ni mdogo, nifiche nini) kwamba kuna wakati niliugua akili, nikawa natembea stendi bila viatu nikiwahubiria watu waliokuwa wakinikwepa. Nilitibiwa, nikapata nafuu, na mpaka leo nameza dawa zangu kila jioni baada ya ugali. Sasa sisi tuliopitia hayo tuna kikundi chetu. Hatulipwi. Tunawatembelea wenzetu walioacha kuja kliniki, tunakaa nao, tunawasikiliza, na mtu akikubali tunamsindikiza hospitali. Sheria yetu ni kwamba hakuna kwenda peke yako.

Mwenzangu huwa ni Chacha, Mkuria mmoja mpole, fundi wa viatu, naye pia anatumia dawa kama mimi. Siku hiyo tulikuwa twende Masara, kule kwenye machimbo ya dhahabu, kumwona mwanaume mmoja anayeitwa Ouma, mchimbaji, ambaye hakuwa ameonekana kliniki kwa muda mrefu. Chacha alikuwa ameshawahi kufika kwa akina Ouma, mimi bado. Asubuhi akanipigia simu: "Dada Roza, nisubiri kidogo, kuna mteja amening'ang'ania hapa." Mimi nikaona jua linapanda, nikamwambia natangulia, atanikuta huko huko.

Nilikuwa nimevaa fulana ya kikundi, ile ya manjano yenye maandishi makubwa mgongoni kuhusu afya ya akili. Nilipokaribia machimboni wazo likaniingia (na lilikuwa wazo zuri kabisa, msinione mjinga) kwamba nikiingia kwa watu na maandishi haya mgongoni, majirani wote watajua Ouma ana shida gani, na labda yeye hajataka wajue. Basi nikazunguka nyuma ya kibanda cha mabati chenye mashine ya kusaga mawe, nikatazama huku, nikatazama kule, nikavua fulana haraka ili niigeuze ndani iwe nje.

Sikujua kwamba upande ule ndiko akina mama wanakopondea mawe.

Walikuwa wamekaa na nyundo zao, nyuso nyeupe kwa vumbi, kimya, wananitazama nikiwa na sidiria, mikono imekwama kwenye fulana. Nilipoiingiza kichwani nikaiingiza kwa haraka, mshono nje, lebo inaning'inia kooni, na badala ya kuomba radhi nikajifanya hakuna lililotokea, nikawauliza, "Habari zenu akina mama, kwa Ouma ni wapi?"

Mmoja akasimama polepole. "Ouma yupi? Yule mgonjwa?"

"Huyo huyo."

Wakatazamana. Nikasikia neno *janeko*, na kila mtu anayeishi kwetu analijua, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mwendawazimu. Nilidhani wanamsema Ouma.

Wanaume wawili wakaja kutoka kwenye shimo, wamepakaa udongo mpaka kwenye kope. "Mama, kwa nini unavua nguo hapa?" Nikaanza kueleza, na ninyi mnajua mimi nikieleza jambo mikono huruka na sauti hupanda, nikasema fulana ina maandishi, maandishi ni siri, siri ni ya Ouma. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunisogelea wakiongea kwa upole, upole ule wa kumkaribia ng'ombe aliyekata kamba. Nikatoa simu nimpigie Chacha. Mmoja akaichukua mkononi mwangu, akasema, "Hii tutakuwekea, pengine ni ya mtu."

Hapo ndipo muuza omena aliyekuwa akipita na beseni lake akasimama, akanitazama vizuri, akapaza sauti: "Huyu namjua! Si ni yule alikuwa anahubiri stendi Migori bila viatu?"

Ningeweza kukataa. Lakini kazi yetu yote kwenye kikundi ni kuwaambia watu wasione haya, na mimi huwaambia kila wiki, sasa ningeanzaje kukataa mbele ya watu wote wale? Nikasema, "Ndiyo, ni mimi, lakini nilipona, sasa nawasaidia wengine."

Baada ya "ndiyo" hakuna aliyesikia neno lingine.

"Mpelekeni kwa Min Ouma," mtu akasema, yaani mama yake Ouma, "yeye anajua kukaa na watu kama hawa, tukitafuta pikipiki ya hospitali." Nikajaribu kujinasua, nikamkwaruza mmoja shingoni bila kukusudia, ndipo wakanifunga. Kamba ilikuwa ile ya kuvutia mawe kutoka shimoni, nene, mbichi kwa tope. Wakanifunga mikono mbele, na kundi likanifuata, watu wengine wakiacha kazi. Nimewahi kupitishwa hivyo miaka ile nilipokuwa mgonjwa, na nawaambia ukweli, nikiwa mgonjwa sikuona aibu nusu ya ile.

Kwa hivyo nilifika kwa Ouma kweli, ila niliingizwa.

Min Ouma alikuwa mama mzee mwembamba. Hakunijua. Alinitandikia mkeka bila kuuliza maswali, akatoka kwenda kuniletea maji. Ndani palikuwa na giza, na macho yalipozoea nikaona kitanda, na kwenye mguu wa kitanda mwanaume mkubwa ameketi sakafuni, kifundo cha mguu kimefungwa kamba. Ndiye Ouma. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri ya kumwambia. Badala yake nililia, huku navuta kamba yangu kwa nguvu mpaka ngozi ikachubuka.

"Usivute," akasema. Sauti yake ilikuwa kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. "Ukivuta inakaza. Legeza mkono, pumua, itakuacha kidogo."

Nikalegeza. Ikaniacha kidogo.

"Hata wewe?" akaniuliza.

"Hata mimi."

Tukakaa. Kisha, bila mimi kumwuliza, akaniambia kwa nini aliacha kliniki: ile sindano ilimfanya mikono itetemeke, hakuweza kushika karai la kuoshea dhahabu, wenzake wakamcheka, akaona afadhali sauti za kichwani kuliko kicheko chao. Hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Min Ouma aliporudi na kikombe cha maji akasimama mlangoni. "Anaongea?" akaniuliza. "Nyathina anaongea?" Maji yakawa yanamwagika na yeye haoni. Nyathina ni "mtoto wangu", na aliyekuwa akiitwa hivyo alikuwa na ndevu zenye mvi.

Chacha alifika akiwa anatweta, watu wamemsimulia njiani. Akaeleza mimi ni nani. Wanaume wale wakainamisha vichwa, mmoja akanirudishia simu baada ya kuipangusa kwa shati, wakaja kunifungua.

Nikasema, "Anzeni na yeye."

"Mwanangu, naogopa mashimo," Min Ouma akaniambia. "Alitoka akasimama ukingoni mwa shimo, karibu aanguke. Sikumfunga kwa ubaya."

"Najua, mama. Tutakuwa naye," nikamjibu. Chacha akapiga magoti akafungua fundo mwenyewe. Ouma hakukimbia. Alitoka nje, akakunja uso kwa jua, akaomba viatu.

Tulikwenda hospitali kwa pikipiki mbili. Mhudumu wa mapokezi akatutazama watatu, mimi na fulana yangu iliyogeuzwa na alama za kamba mikononi, akauliza, "Mgonjwa ni nani kati yenu?" Chacha akasema, "Sisi sote, lakini leo tumeleta huyu."

Dawa ya Ouma ilibadilishwa, na sasa huja kikundini kwa miguu yake. Mikono imetulia, ingawa si kila siku.

Mimi nimeapa sitamtangulia Chacha tena, hata mteja amshike mpaka jioni. Na nina jingine la kuwaambia, kwa kuwa nimeshaanza. Min Ouma hunitumia salamu na viazi vitamu, anauliza nitafika lini kwake. Chacha ameshaenda mara nyingi. Mimi kila mara nasema nina kazi sokoni, naye Chacha ananiacha niseme hivyo.